Mlango Niliowapa Wanachuo

Mke wangu Mama Zita,

Nakuandikia kwa mkono wangu, herufi zikilala wewe ziamshe. Mimi ni yuleyule, Mgeta nzima hakuna wa kunishinda jembe.

Masika imeibeba nyumba yetu. Nilichookoa ni mlango tu. Unakumbuka nilivyoupandisha mgongoni toka barabarani, wewe nyuma unanicheka? "Baba Zita, unabeba mlango au mlango unakubeba?"

Tangu kiwanda kiuzwe nikapunguzwa kazi, bati naziona madukani tu. Siku hizi kila kitu kipo, kununua ndiyo shughuli.

Wakaja wanachuo wa mjini, wanajengea watu kama mimi nyumba za gharama ndogo, kwa kujitolea. Nikajisemea, hii mikono ya kalamu itauweza mlima? Waliuweza. Walipandisha tofali kichwani huku wanaimba. Nikamwambia kiongozi wao, Neema, msichana wa Mwanza, kwamba enzi zangu nilibeba mara mbili yao.

"Basi babu, tubebee hili moja tuone."

Nikabeba. Sikuliangusha.

Kosa likawa kiwanja. Kwao mambo ya ardhi anaulizwa mwanamume, wakaniuliza mimi, nami nikawaonyesha mpaka kwa fimbo kama chifu. Msingi umefika magotini, kaka yako huyo.

"Shemeji, ardhi ni ya ukoo wa mama yetu. Aliyekuleta hapa tumeshamzika. Rudi kwenu."

Nikakaa juu ya msingi, nikasema sitoki, wajenge na mimi humo ndani. Unanijua. Lakini niliogopa. Nikiondoka, kaburi lako nani atalipalilia?

Neema hakubishana. Alikwenda na wenzake kumwamkia kaka yako, wakaomba radhi kwa kuchimba bila kubisha hodi ukooni. Kisha akauliza, "Mzee, sasa hapa ni pa nani?"

"Pa Zita, mtoto wa dada yangu."

"Basi tumjengee Zita. Na baba yake tumweke wapi?"

Kaka yako akacheka mpaka akakohoa. "Yule mbishi? Akae kwa binti yake."

Wasomi wengi wamepanda huku kutufundisha. Hawa walikosea, wakauliza. Nawavulia kofia, na unajua kofia yangu haitoki kichwani hovyo.

Nyumba imesimama. Mlango wetu wameupachika palepale nilipotaka, unatazama kaburi lako. Nikifungua asubuhi, wewe ndiwe ninayekuona wa kwanza.

Ukinisikia nawaambia watu nimejenga mimi, nyamaza. Lile tofali moja ni langu.

Pumzika, nipo hapa mlangoni.

Mumeo, mgeni wa ukoo wenu hadi leo