Kisanduku cha Postnom

Yaya Mwavita, dada yangu mukubwa,

Salamu nitazileta nyuma. Mutu mwenye makosa anasalimia sana ili achelewe kufika kwenye jambo, na mimi nimechelewa ya kutosha. Ni mimi. Yale makosa ya majina ya wamama wa mupunga, yenye yalikuondoa kwenye kooperative na kukupeleka Kabambare, hayakutoka kwa seva yako. Yalitoka kwa widget yangu, ile fomu ya kujaza majina nilitia kwenye site. Na nilijua.

Hii barua ninaiweka wazi, kwenye site ya kooperative, kusudi wenye walikusema vibaya wasome kabla yako. Kwa simu haunijibu, na uko na haki. Hata mimi nisingejibu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Kindu na diplome yako ya informatique, kazi ya kompyuta, ordinateri yako umeifunga ndani ya kitenge kama mutoto mwenye homa? Mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka wa ine wa secondaire, sababu nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu. Nilikuwa nimefika Bukavu, nimefika Bujumbura, nimekula samaki ya kukaanga kwa mzungu. Ukanikalisha juu ya gunia la mupunga kwa mama, ukaniambia: "Site iko na jikoni na iko na baraza. Seva ni jikoni. Wageni hawaione, lakini chakula kinatoka kule. JavaScript ni baraza, pale wageni wanakaa."

Nikakujibu: "Basi mimi niko mutu wa baraza."

"Wewe? Hata hii ya mama haufagie!"

Ulicheka mupaka mama akauliza nani anakufa. Leo ninajisifu kwamba Kasongo nzima hakuna mwenye kunipita kwa JavaScript, na ni kweli: tulikuwa wawili, na wewe haukuipenda.

Siku hiyo hiyo ulinifundisha jambo moja, ukanirudilisha mara tatu kama mutoto wa darasa la kwanza. "Kisanduku chenye hakina jina, seva haikioni. Mutu anaweza kuandika ndani mupaka kidole kimuume. Kama kwenye kodi, yale maandishi ya ndani yenye ordinateri inasoma, haukukipa jina, fomu inaondoka na kukiacha nyuma." Nilirudilia mara tatu. Macho yangu yalikuwa njiani, kwa wasichana wenye walikuwa wanatoka mtoni.

Halafu kooperative ikatupa kazi. Wamama wa mupunga waandikishwe, wa Kasongo na wa upande wa Kabambare, kusudi wakati wa mbegu kila mumoja apate fungu lake. Wewe ulifanya jikoni, mimi baraza. Fomu yako ilikuwa na visanduku vitatu, jina, postnom yenye inakaa katikati, na prénom, kama vile sisi wote tunaitwa. Ilikuwa kavu, Yaya. Nilikuambia inafanana na karatasi ya kuzikia mutu. Nikatafuta kwenye internet widget nzuri, ya watu wa mbali: unaandika herufi mbili, majina yanajifungua chini yake yenyewe kama mwavuli. Lakini ilikuwa na visanduku viwili tu, sababu kule kwao mutu iko na majina mawili. Niliwahurumia. Nikaongeza cha tatu kwa mukono wangu, nikakizungusha pembe, nikakuita uje kuona.

Ukaangalia. Ukauliza neno moja tu: "Umekipa jina?"

"Yaya, unaniona mutoto?"

Nilifikiri unauliza kama nimeandika neno "Postnom" juu yake. Nilikuwa nimeliandika, tena kwa rangi ya bluu. Jina lenye wewe ulikuwa unauliza, lile la ndani ya kodi, lenye seva inasoma, sikulikumbuka hata kidogo.

Kesho yake ukaenda Nyangwe kwenye kilio, ukaniachia mot de passe, lile neno la siri la kufungulia seva. Nikajaribu kuandika mama wa kwanza. Seva ikakataa, maandishi mekundu: postnom haipo. Nikaangalia kwenye kioo cha ordinateri: postnom iko pale, ninaiona na macho yangu mawili! Nikaandika tena. Ikakataa tena. Basi nikaamua kwamba jikoni yako ndiyo iko na ugonjwa. Nikafungua fichier yako ya kodi ya seva, nikatafuta ule mustari wenye unasema postnom isikose, nikaufuta. Wekundu ukatoka. Nikaita watu wa ofisi yote waje kuangalia, nikasimama pale mikono kiunoni, engenia wa Maniema nzima.

Wewe ulikuwa umeambia seva kwamba majina matatu yakifanana ni mutu mumoja, isiandike mara mbili. Ilikuwa akili nzuri. Lakini kwetu, ukiita "Ramazani Zaina" sokoni, wamama wangapi watageuka? Postnom ndiyo inawatenganisha, na mimi nilikuwa nimeifungia inje. Kila Zaina wa pili, seva ilimuona ni Zaina wa kwanza amerudi.

Siku ya kugawa mbegu, ulikuwa umekwisha kurudi. Unakumbuka Mama Zaina wa upande wa Kabambare, Ramazani Kalonda Zaina, mwenye alikuwa ametembea siku mbili? Asubui Zaina mwingine alikuwa amekwisha kupokea fungu lake. Mugawaji akaangalia kioo, akasema: "Mama, wewe umekwisha kupokea."

"Mimi? Nimepokea na mukono gani?"

Watu wakacheka. Halafu nyuma kule mutu akatupa neno "mwizi", na kicheko kikaisha. Mama yule akafungua kitenge chake cha juu mbele ya watu wote, akakikunguta, kusudi waone kwamba hakuna hata mbegu moja. Wewe ndiwe ulikimbia kumufunika. Mimi nilisimama kwenye mulango.

Jioni, kabla ya mukutano wa kooperative, nikafungua kodi yangu. Nilitaka nipate cha kukutetea nacho, Mungu anajua. Nikakuta kisanduku changu hakina jina. Nikafunga ordinateri polepole, kama mutu mwenye ameona nyoka ndani ya viatu vyake.

Kwenye mukutano prezida wa kooperative akauliza: "Majina yanakaa wapi?"

Ukajibu: "Ndani ya seva."

"Na seva ni ya nani?"

"Ni yangu."

Ukaniangalia. Nikaangalia simu yangu, na simu ilikuwa imezimika, haikuwa na moto. Wakasema uliuza mafungu ya wamama. Ukasema: "Muniache niangalie tena." Wakakataa, wakashika ordinateri yako. Mimi mwenye ninaongea mupaka watu wanashika masikio, siku hiyo niliendelea kufinya simu yenye ilikuwa imekufa.

Na kuna lile lingine, lenye hakuna mutu analijua isipokuwa sisi wawili. Ulikuwa umekwisha kupanda pikipiki ya kwenda kwa mama mukubwa, muzigo umefungwa nyuma. Ukaniuliza kwa sauti ya chini: "Mudogo, ulifungua fichier yangu?"

Nikasema: "Hapana, Yaya."

Ukamupiga taximan begani, mukaenda.

Kesho yake nikaongeza neno moja dogo kwenye kodi, jina la kisanduku, na kila kitu kikatembea. Watu wakapiga mikono. Prezida akasema nimetengeneza chenye dada yangu aliharibu, akanipa kiti chako. Nikakikalia. Nilikikalia miezi yote hii, Yaya, na ninapiga mizaha kama zamani, watu wanacheka. Mama tu ndiye hachekake.

Juma lililopita nilipakia fungu la Mama Zaina kwenye pikipiki, sababu yeye mwenyewe alikataa kurudi Kasongo. Ile barabara unaijua. Mara mbili pikipiki ilinibeba, mara tano mimi niliibeba. Nilimukuta anatwanga. Nikapiga magoti, nikamuelezea yote, na kisanduku, na mustari wenye nilifuta. Hakuacha kutwanga mupaka nilipomaliza. Halafu akauliza: "Dada yako anajua?"

"Bado, mama."

"Sasa umeanzia kwangu juu ya nini? Mimi walinitukana siku moja. Yeye wanamutukana mupaka leo."

Akaweka muchi chini, akapokea gunia. Maji hakunipa.

Nilirudi moja kwa moja kwenye kooperative. Niliomba wakusanyike, nikasimama pale pale uliposimama, nikasema: ni mimi nilifuta mustari, ni mimi nilisahau jina, na alipouliza nilisema uongo. Wamama walinitukana, na maneno yao sitayaandika, wewe haupende matusi. Mustari wako nimeurudisha kama ulivyokuwa. Funguo ya ofisi nimeitoa. Wameniuliza kama utakubali kurudi, nikawajibu kwamba watume mutu mukubwa Kabambare akuombe radhi kwanza, na kwamba huyo mutu hawezi kuwa mimi.

Sikuombe unisamehe sasa. Ukitaka kukasirika mwaka mzima, kasirika. Ukitaka miwili, nitaivumilia. Mama anakusalimia, na mimi, ile salamu nilisema nitaleta nyuma, ndiyo hii: ninakukosa, Yaya. Jikoni iko baridi.

Na hapo Kabambare, mutu akikuonyesha kidole sokoni na kusema, "Ni huyu aliuza mafungu ya wamama wa Kasongo," usigeuze uso tena. Mwambie: "Hapana. Ni mudogo wangu aliharibu majina. Ameandika mwenyewe." Umuonyeshe hii barua. Na jina langu nimeliweka hapa chini yote matatu, kusudi wasinichanganye na mwingine.

Mudogo wako wa tumbo moja,
Amisi Lukaya Bonifasi