Kitufe cha Kumsukuma Hiltje

Jumamosi, 5 Aprili

Upepo tena. Wa magharibi, kama kawaida, kama vile una hati ya kumiliki nyumba hii.

Gurudumu lenye mota limefika, nimelifunga kwenye baiskeli ya Hiltje. Spoki mbili zimelegea, waya ni mfupi, na aliyeandika maelezo hajawahi kushika spana maishani mwake. Mimi niliyetengeneza mashine za kukamulia ng'ombe tangu ujana mpaka kustaafu — gurudumu moja linanitoa jasho!

Jirani Oebele alikuja kunywa kahawa, akanisimamia kichwani. Kwa nini usinunue iliyo tayari dukani, anauliza. Nikamwambia alizonionyesha mwenye duka zote zinangoja upige pedali kwanza ndipo mota iamke, na shida ya Hiltje ipo hapo hapo mwanzo. Akitembea miguu inaganda, ghafla, kama imegundishwa sakafuni. Ndio huo ugonjwa wa Parkinson. Lakini mweke kwenye baiskeli inayokwenda — anapiga pedali kama msichana! Daktari hashangai, anasema wengi wako hivyo. Mimi bado nashangaa.

Ni kuondoka tu. Kusimama, mtu amshike kiwiko, basi. Kuondoka ilikuwa kazi yangu: mkono mmoja kwenye usukani wangu, wa pili mgongoni mwake, hatua chache za mbio, halafu naruka juu ya yangu. Na upepo ukiwa wa mbele, mkono unabaki mgongoni mpaka tufike. Huku kwetu ndivyo watu wanavyosukumana tangu uchumba. Sasa nyonga yangu imekwisha. Kukimbia, hata hatua mbili siwezi. Nisipomtengenezea kitu hiki, Hiltje atakaa dirishani kuhesabu bata. Hilo sitaki kuliona.

Jumatatu, 7 Aprili

Kitufe nilichoweka usukanini, cha kuamsha mota bila pedali, kinafanya kazi. Kinafanya kazi mno. Amekibonyeza uani, akapita kama risasi kati ya pipa la takataka na uzio wa Oebele. Nikafumba macho. Amerudi mashavu yamemwiva, anacheka. Nimemdaka kiwiko.

Anasema akizoea, Jumatano moja atakwenda kwa Froukje. Huyo ni dada yake, kijiji cha tatu kuelekea baharini. Nikasema sawa, tutakwenda. Akasema, nimesema nitakwenda.

Nimejitia hamnazo. Nikaanza kupangusa mnyororo.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya balaa.

Tunatoka kwa yule anayemnyoosha Hiltje viungo, tunafika daraja la shule ya sekondari, polisi hao! Wameweka ile mashine ya roli, unapandisha gurudumu, wanapima mwendo. Wanasaka vijana wenye baiskeli za umeme za matairi mapana, zilizoongezwa mwendo. Foleni nzima ya watoto wa miaka kumi na tano, na katikati yao mke wangu, miaka sabini na moja, na kikapu chake cha mbele.

Kijana mmoja akamuuliza: "Bibi, hiyo yako inakimbia ngapi?"

"Zaidi ya yako," akajibu Hiltje. Afande akasikia.

Afande mwenyewe msichana, anaitwa Nynke. Akabonyeza kitufe, pedali zimetulia tuli. Kilomita thelathini na moja kwa saa. Vijana wakapiga makofi. Nilitamani mfereji unimeze.

"Mzee," akaniambia, "hii siyo baiskeli tena. Hii ni pikipiki isiyo na namba." Akanieleza kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. Kitufe kinaruhusiwa kusukuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita sita. Zaidi ya hapo lazima pedali zizunguke. Na mota ikate ikifika kikomo. Safari hii ni onyo. Safari ya pili baiskeli inabaki kwao. Niitengeneze, niilete kituoni Alhamisi ijayo.

Nikachomoa betri. Hiltje akashuka ili apishe foleni — na miguu ikaganda pale pale ukingoni mwa barabara. Hasogei. Foleni yote inatazama. Afande akamshika mkono, njoo mama, hatua moja tu. Wapi! Nikasema mpandishe juu ya baiskeli, anaweza. Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akampandisha. Na mimi nimesimama na nyonga yangu, sina cha kufanya. Basi Nynke akaweka mkono mgongoni mwa Hiltje, akakimbia naye, viatu vya polisi vinagonga lami, akamwachia. Hiltje huyoo, anapiga pedali bila mota hadi nyumbani.

Nikafuata nyuma, betri mfukoni kama tofali.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku nzima kwenye kile kisanduku cha kudhibiti mota. Kioo chake kidogo kama kucha, tarakimu za kusomwa na siafu. Kitufe: sita. Sawa. Kikomo cha mota: nimeweka kumi na tano.

Sheria inasema ishirini na tano. Nynke alitaja, Hiltje alikuwa mbali na hakusikia. Nimemwambia kumi na tano. Mimi kwa nyonga hii napiga kumi na nne, upepo ukiwa nyuma kumi na sita. Tutakwenda sambamba kama zamani. Kuna ubaya gani?

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya kanisa tulizunguka hadi kinu cha upepo. Mota inakata kila mara, Hiltje anasonya. "Sheria gani hii ya kobe?" Nikalaumu serikali. Serikali imezoea.

Mchana siku ya kuzaliwa ya Oebele. Viti vimepangwa duara, keki ya rangi ya chungwa, na kila mtu ana ushauri kuhusu baiskeli ambayo hajaigusa. Halafu Oebele, mdomo umejaa keki: "Kumi na tano? Mbona ya mke wangu inakwenda ishirini na tano?"

Nikasema za kutengenezwa nyumbani zina sheria yake. Watu wakatikisa vichwa, wakasikitika. Hiltje hakutikisa chochote. Alikunywa kahawa yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kituo cha polisi.

Nynke alipandisha gurudumu kwenye roli. Kitufe, sita, safi kabisa. Nikavimba kichwa. Kisha akampandisha mwenzake apige pedali, mota ikakata kumi na tano.

"Mzee, mbona umeikaba hivi? Unaruhusiwa mpaka ishirini na tano."

Nikatazama viatu vyangu. Hiltje alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha.

"Binti yangu," akamwambia Nynke, "ni ishirini na tano?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii kumi na tano ni ya nani?"

Nynke akakumbuka ghafla ana simu ya kupiga. Mimi nikabadilisha tarakimu pale pale, mbele yao. Nimeaibika. Tena nina hasira, na sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hiltje amekunywa kahawa akinipa mgongo. Hata ibadani alishika kitabu chake mwenyewe cha nyimbo.

Alipomaliza kumenya viazi ndipo akasema. "Gerben, miguu yangu ikiganda ni ugonjwa. Wewe umenigandisha kwa makusudi."

Nikamwambia naogopa. Nimelisema kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Naogopa aanguke mahali ambapo sipo.

"Na mimi naogopa," akasema. "Lakini woga wangu sijaufunga kwenye baiskeli yako."

Viazi vilikuwa havijaiva vizuri, tukavila.

Jumatano, 23 Aprili

Ameondoka saa nne na nusu asubuhi. Upepo wa kusini-magharibi, unamsukuma. Kitufe, kilomita sita, pedali, kwaheri. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwa mazoea, nikaurudisha mfukoni. Amekataa nimfuate. Froukje atasimama langoni, amdake kiwiko, kisha anipigie simu.

Saa tano na robo simu hakuna. Saa tano na nusu nikapiga mimi.

Froukje anapumua kama amekimbia. Amefika, anasema, yaani amepita! "Nilikuwa langoni, nimenyoosha mikono yote miwili, akanipungia, akaendelea." Nikauliza, kuelekea wapi? "Tuta la kuzuia maji ya bahari." Nikauliza, alisema nini? "Alisema kitu, lakini upepo, shemeji, sikusikia."

Alikuwa anacheka au anaita msaada? Froukje hajui. Mtu anamjua dada yake tangu kuzaliwa halafu hajui!

Kwenye tuta njia ni ya baiskeli tu, gari halipiti. Na kurudi ni upepo wa usoni mtupu. Betri itamfikisha wapi, sijui. Mwenye kuifunga ni mimi na sijui. Simu yake ipo hapa mezani. Nimevaa koti. Nimetafuta glavu ya kushoto, haipo. Oebele amekuja na ufunguo wa gari mkononi, anasema twende, twende, unangoja nini.

Nikafungua kisanduku cha dawa zake nione kama amezisahau, maana akikosa hata moja anakuwa gogo. Za mchana hazipo. Za saa kumi hazipo. Za saa mbili usiku nazo hazipo. Na mkate umekatwa, na jibini imepungua.

Saa mbili usiku! Amefungasha vya kutwa nzima, na hakuniambia.

Oebele anauliza tuanzie wapi kumtafuta. Nimemwambia aketi, anywe kahawa. Koti langu sijalivua.