Msingi wa Nyumba Yetu, Abuku

Jumatatu, 5 Januari
Nimefua, nimechota maji, nimepika ugali wa muhogo. Lemi anachimba msingi wa nyumba yetu. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu. Jasho linamtiririka mgongoni, nami natabasamu jikoni kama mwehu. Tukimaliza, kwaheri chumba cha kupanga kule Awindiri.

Jumatano, 7 Januari
Chini ya msingi kuna mchwa. Lazima kuchimba hadi kumpata malkia, la sivyo wataila nyumba. Lemi alizama mpaka mabegani. Baba mkwe akapita, akaona kichwa tu.
"Toka! Toka ndani, sasa hivi!"
Akamvuta mbele ya vibarua. Amekataza kujenga. Nimelia.

Alhamisi
Baba mkwe hanitaki. Ni kwa sababu mimi Mlugbara wa Pajulu, nao ni Wakakwa. Nimempelekea chai, hakuigusa. Nampenda Lemi hadi naumwa, lakini sitaishi nisipotakiwa.

Ijumaa, 9 Januari
Baba mkwe kaniita. Sijui Kikakwa, yeye hajui Kilugbara, kwa hiyo tunaongea Kiswahili chake cha jeshi. Nilikaa mkekani, macho chini.
"Binti yangu, wewe hapana kosa."
Kisha akasimulia. Vitani walikaa handakini msimu mzima wa mvua. Adui alishindwa kuwatoa. Yeye na Duku, rafiki yake wa hapa Abuku, walilala mgongo kwa mgongo. Asubuhi moja mizinga ikaanza, ukuta wa udongo ukaporomoka. Duku akafukiwa, kikabaki kichwa. Baba alichimba kwa sufuria, kwa kucha. Ikaja amri ya kurudi nyuma. Wenzake wakamburuta.
"Duku nacheka. Nasema, wewe enda, mimi nakuja."
Baada ya hapo ilikuwa kurudi nyuma tu, hadi vita vikaisha.
"Mimi naona kichwa ya Lemi, naona Duku."
Hapa wafu huzikwa nyumbani. Duku hana kaburi. Mama yake alikufa akiuliza.
Na mimi nilidhani ni kwa ajili yangu. Naona aibu.

Jumapili, 18 Januari
Tumehamishia msingi kwenye tambarare, pasipo na mchwa. Unafika magotini tu. Baba alikuja kupima mwenyewe, akakubali.
Shimo la mchwa tumelifukia. Juu tumepanga mawe, na Lemi ameandika DUKU kwenye saruji mbichi.
Jioni Baba alikaa pale. Akaomba chai, vikombe viwili. Chake amekimaliza. Kingine kimepoa juu ya mawe. Sijakiondoa.