Maganda ya Mayai ya Marehemu Mama

Dada, leo Jumanne tarehe 9 Juni, manyunyu tangu alfajiri. Nimeharibu kila kitu.

Yale maganda ya mayai aliyonikusanyia mama kabla hajafariki, niliyoyachoma nikapata unga wa kugeuza mafuta machafu ya kukaangia kuwa dizeli. Yameisha yote!

Asubuhi, kama mchungaji nilivyozoea, nilifungua chupa niuombee ule unga. Nikasahau kufunika. Ukanyonya unyevu kutwa nzima.

Jioni, kwenye darasa letu la kutengeneza dizeli, nikaumimina wote kwenye mafuta. Kwa ule unyevu, mafuta yakawa uji wa sabuni badala ya dizeli. Uji wa sabuni, dada!

Nilipoeleza kuwa niliifungua kuombea, mwalimu akasema, "Chupa ni ya kioo, Mchungaji! Mungu haoni ndani mpaka ufungue?" Wanafunzi wenzangu wakacheka. Nikawaambia maganda yalikuwa ya nani.

Nikasimama, nikasema wote wakisikia: "Mama, nitaanza upya, hata kwa yai moja."