Kimya cha Msusi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni na miwani yako, presha imetulia na magoti hayakusumbui sana. Na mdogo wangu je, bado anakuunguzia sufuria? Sisi huku wazima, na hilo neno silitumii kwa mazoea tu, kama utakavyoona. Nimeandika kwa herufi kubwa, maana najua zile za kwenye simu unaziita sisimizi.

Najua una kinyongo nami. Mkwe wako amenieleza kwamba kila ukipiga simu unaniulizia, naye anakujibu mara niko kazini, mara nimelala, mara naoga, hadi ukamwambia kwamba binti uliyemzaa hajawahi kuoga mara nyingi hivyo tangu azaliwe. Msamehe, Mama. Uongo haumfai kabisa, na mimi ndiye niliyemtuma. Daktari wako alikuwa amekataza usipewe habari za kushtua. Sasa mdogo wangu ametuhakikishia kwamba umepata nafuu, basi kaa vizuri nikueleze.

Ile homa niliyougua haikuwa mafua kama tulivyokuambia. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka hospitalini nilimwona muuguzi amesimama miguuni pa kitanda, mdomo unacheza lakini hakuna kinachotoka. Nikadhani ananitania. Nikamwambia apaaze sauti, na hapo nikagundua kwamba hata mimi mwenyewe sijisikii. Masikio yangu yamezimika, Mama, yote mawili. Madaktari walijaribu walichoweza, kisha wakamweleza mkwe wako wazi kwamba hayatarudi.

Usilie kwanza. Endelea kusoma.

Sitakuficha, nilimkasirikia Mungu. Watu walikuja kunipa pole, wakaniandikia kwenye simu zao kwamba nimshukuru Mungu nimepona, nami nikawatazama kama mtu anayeambiwa amshukuru mwizi kwa kumwachia mlango. Kanisani nilikaa mbele ya kwaya niliyokuwa nikiimba, nikaona midomo inafunguka na kufungwa kama samaki ndani ya ndoo. Nikaacha kwenda. Nyumbani mkwe wako alipofumba macho kuombea chakula, mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuna. Niliona kusali bila kujisikia ni kutia maneno kwenye gunia lililotoboka.

Aliyenitoa ndani ni mwenye saluni, yule tunayemwita Bosi Kucha kwa sababu kucha zake hutangulia kufika kabla yake. Alikuja mwenyewe, akamwambia mkwe wako kwamba nywele husukwa kwa vidole, na kwamba hataki kukiona kiti changu kinashika vumbi. Nikarudi shingo upande. Siku za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Mteja mmoja alilalamika kwamba navuta sana, nami nikamwitikia kwa tabasamu, nikazidi kuvuta, mpaka aliponikamata mkono machozi yakimtoka. Bosi Kucha alicheka hadi akakaa sakafuni. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Kisha habari zikaenea kwamba yule msusi wa dirishani hasikii. Nilidhani wateja watanikimbia. Mama, walianza kupanga foleni! Mambo wasiyothubutu kuwaambia hata dada zao waliyamwaga pale mbele ya kioo, wametulia kama walio peke yao. Bosi Kucha huniandikia kwamba mimi ndiye mwenye siri nyingi kuliko wote mjini, na sijui hata moja.

Siku moja alikaa kitini mwangu mama mmoja anayeuza mayai karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa amefiwa na mumewe. Nilipoanza kumchana tu, akaanza kuzungumza, akaendelea hadi nikafika utosini. Sikusikia hata neno moja. Nilimtazama kwenye kioo tu. Alipokunja uso nilisimama, aliposhindwa kuendelea nilimwekea mkono begani, na alipolia nilimfuta kwa taulo. Nilipomaliza alichukua simu yake, akaandika, akanionyesha: "Wewe ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza tangu nimzike."

Sikujua nicheke au nilie. Niliingia chumba cha nyuma tunakofulia taulo, nikafunga mlango, nikapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. Nikamwambia Mungu kwamba ikiwa ameweza kumfariji mjane kwa masikio yangu haya yaliyozimika, basi naye ataweza kunisikia ninapozungumza nisichokisikia. Nikamshukuru kwa vidole vyangu, kwa macho, kwa mume anayewasha na kuzima taa ili kuniita chakula kikiwa tayari. Sikulisikia neno langu hata moja, ila nilikuwa na hakika limesikika. Nilitoka humo nikiwa mwepesi, sketi imelowa hadi mapajani, na wenzangu wakadhani nimeanguka kwenye beseni.

Sisemi yamekwisha. Zipo siku ninapoiona redio nikatamani kuivunja. Lakini sasa hata hasira hizo nazipeleka kwake, sikai nazo peke yangu.

Sasa Mama, shika meza. Ile mimba uliyoniombea miaka yote hadi ukachoka kuniuliza, imekuja. Mkwe wako alipoambiwa na daktari alikaa chini palepale kwenye korido, wagonjwa wakimpita. Daktari anasema mtoto anakua vizuri na anarusha mateke kweli. Nimefurahi hadi naogopa kulala nisije nikaamka ikawa ndoto.

Lakini lipo linalonikaba. Mwanangu atalia nami sitamsikia. Nimemweleza Mungu jambo hili, tena si kwa adabu sana, na kila nikimweleza ninayemwona moyoni ni wewe.

Basi nakuomba uje kabla sijajifungua. Mkwe wako atakufuata mwenyewe. Usimame karibu na kitanda changu, na mtoto akilia kwa mara ya kwanza, usikilize kwa niaba yangu. Halafu unigeukie unieleze sauti yake ni nzito au nyembamba, analia kwa hasira au kwa kudeka. Usiniandikie. Niambie kwa mdomo wako, polepole, nikikutazama. Uso ulionifundisha kusema hauwezi kunishinda kuusoma.

Mkwe wako anakuamkia, na Bosi Kucha pia, anasema ukifika atakusuka bure. Msalimie mdogo wangu na majirani wote. Mungu akulinde njiani hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako