Bi Rehema Alivyonishika Buibui

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Makorora hatujambo. Mguu wa mamako umepona.

Waniuliza kama chuo kikuu hakijakupita, kwa umri ulio nao sasa. Miaka ile ya elfu moja mia tisa hamsini, nikiwa na watoto wawili, niliingia darasa la ukunga. Siku ya kwanza mwalimu aliniita nisome. Nikakwama kwenye neno la kwanza, wasichana wakacheka. Nikainuka nitoke. Bi Rehema, mtu mzima mwenzangu, aliyekuwa akiandika bila kusita, akanishika buibui.

“Kaa, mwenzangu. Ukitoka, nitabaki kuogopa peke yangu.”

Kumbe naye! Nikakaa. Tulihitimu pamoja, na mamako alipozaliwa, mikono iliyompokea ilikuwa ya Bi Rehema.

Nakuombea dua.

Bibi yako