Omena za Paka

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei! Huku Mogogosiek tuko salama. Mvua ni nyingi, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa.

Umeniuliza kama ni lazima ule wakati mguu uko kwenye plasta na hamu ya chakula huna. Nikiwa msichana niliteleza kwenye majani chai nikavunjika mkono. Jirani yetu Mkisii, Mama Kerubo, akawa ananiletea omena kila jioni. Sisi Wakipsigis hatukuzoea samaki, na ile harufu ilinishinda. Nilimshukuru, kisha omena zake nikampa paka wetu.

Siku moja akamwona huyo paka, amenona, manyoya yanang'aa. Hakukasirika. Alisema tu, "Msichana, paka hajavunjika mkono."

Jioni hiyo nilikula omena zote, vichwa na mifupa yake, nikashushia na mursik, maziwa yetu ya mgando, huku machozi yananitoka. Sikuacha tena mpaka niliporudi kuchuma chai kwa mikono miwili.

Shangazi yako anasema sahani yako hurudi jikoni tupu kila siku, na binamu yako unayelala naye chumba kimoja ameanza kunenepa.

Chebet, mguu uliovunjika ni wa nani?

Ni mimi, Kogo wako.